Tata wa Inje

Mtu akishuka sokoni Manika na kuuliza nyumbani kwa Kabemba, karani wa dipo la saruji, waendesha taxi-moto watamtazama kama mtu aliyekosea mji. Lakini akiuliza kwa Tata wa Inje, watano watawasha pikipiki kwa pamoja, na yule atakayembeba atamsimulia njia nzima jinsi yeye mwenyewe alivyolia Jumapili ya Pasaka hadi kamasi zikamtoka. Jina hilo si tusi. Kabemba alilipata jukwaani, na kwa miaka kumi na tatu amelipenda kuliko lile alilobatizwa nalo.

"Tata wa Inje" ni mchezo wa kundi la maigizo la parokia. Unamhusu baba mmoja ambaye akiwa nje, barabarani na kwenye baa, ni mcheshi, mkarimu, rafiki wa kila mtoto wa jirani. Nyumbani kwake haonekani. Watoto wake wanakua wakimsikia tu. Mwisho wa mchezo baba huyo anapiga magoti mbele ya binti yake, anaomba msamaha kwa maneno matamu, binti anamwinua, ukumbi unalia, na padri anasimama kusema maneno mawili ambayo huwa ni mia mbili. Baba ni Kabemba. Binti ni Princesse, ambaye siku hizi ana watoto wawili wa kwake, lakini pazia likifunguliwa bado ana miaka kumi na anafunga utepe mweupe kichwani.

Msije mkauliza nani aliuandika. Hakuna aliyeuandika. Kundi hili, kama makundi mengine ya huku kwetu, halitumii karatasi. Mama Adèle, mkuu wa kundi, mjane mwenye mapaja mazito na subira nyepesi, anakaa kwenye kiti siku ya mazoezi na kutoa skema: hapa baba anatoka, hapa binti anangoja, hapa baba anaanguka. Maneno kila mchezaji anajitafutia mwenyewe.

"Mi natoa skema," husema. "Bile bingine, kila mutu atoe mu maisha yake."

Na Kabemba, mtiifu kweli kwa Mama Adèle, alitoa katika maisha yake. Shida ni kwamba hakuwahi kugundua anatoa wapi.

Chukua ile sehemu ya komunyo, ambayo watu wa Manika wanaijua kwa moyo. Mwaka ule mchezo ulipokuwa mpya, kundi lilialikwa Lubudi, na safari ikaangukia mkesha wa siku ambayo Tatiana, binti yake wa kweli, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Kabemba alimwahidi mtoto kwamba atarudi asubuhi kwa lori la kwanza. Mambo yakawa matamu Lubudi. Watu waliomba mchezo urudiwe, akarudia, akapiga magoti mara mbili kwa siku moja, akabebwa mabegani. Alipofika nyumbani jioni ya siku iliyofuata, akiwa na kuku wa zawadi mkononi, mkewe Valérie alimpokea mlangoni na kumwambia mambo mengi. Moja lilikuwa hili: mtoto alikuwa akigeuka kutazama mlango wa kanisa hadi padri akamwambia atazame mbele.

Baba mwingine angekaa chini na kuficha uso. Kabemba alikaa chini, akafikiri, na Jumatano kwenye mazoezi akasimama akisema, "Mama Adèle, mi niko na kintu. Mutoto eko ku komunyo. Anaangalia ku mulango. Tata haingie." Mama Adèle alipiga makofi. Princesse alipewa mlango wa kutazama. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyeingia ukumbini bila kitambaa cha machozi, na Kabemba alisema kwa watu wote kwamba sehemu ile ni ya kwake, aliibuni mwenyewe.

Tatiana aliiona akiwa na miaka kumi na mmoja, ameketi mstari wa pili kati ya mama yake na kaka yake Josias. Hakulia. Alimwuliza mama yake wataondoka lini.

Kuhusu Josias sitasema mengi, maana yananiudhi. Alipokuwa na miaka kumi na sita aliacha shule akaenda na vijana wenzake kuchimba mawe ya kobalti, maana kwenye mashimo kulikuwa na watu wa kumwuliza ameamkaje. Baba yake alijua baada ya wiki tatu. Alijua kwa sababu Josias ndiye aliyekuwa akimpigia pasi suruali ya mchezo, na Jumamosi moja suruali ikabaki na mikunjo. "Josias eko wapi?" aliuliza Kabemba, suruali mkononi. Valérie akamwambia. Kabemba alihuzunika sana. Jumapili ile aliigiza vizuri kuliko siku zote.

Basi, Tatiana akakua. Akawa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye sauti ya chini na jicho linaloona kila kitu. Akapata mchumba, fundi umeme aitwaye Mathieu, kijana asiye na maneno mengi, jambo ambalo Tatiana alilihesabu kuwa fadhila kubwa. Mwezi mmoja kabla ya arusi, wakati wa chakula cha mchana, alieleza mpango wa kanisani, na alipofika mahali pa kuingia alisema bila kuinua macho kwenye bukari, ugali wa kwetu, "Muyomba Kanyinda njo atanishika mukono."

Kanyinda ni mjomba wake, kaka wa Valérie, mtu wa Musumba, mfugaji wa mbuzi, kiziwi wa sikio moja, asiyejua mzaha hata ukimfundisha.

Kabemba aliacha kutafuna. "Kanyinda? Na mi niko wapi?"

"Ile njo tunajiulizaka, Tata."

"Mi njo tata yako! Bantu bote ba Manika banajua!"

"Muyomba anafikaka," alisema Tatiana. "Ukimwambia saa tatu, saa tatu eko pale. Basi."

Iliuma. Nisidanganye, ilimuuma kweli, na si kwa sababu ya aibu peke yake, ingawa aibu ilikuwepo na ilikuwa nene. Usiku na mchana alijiona akiingia na binti yake kanisani, hatua kwa hatua, na watu wakisimama. Alipenda watu wakisimama, lakini humo ndani mwake kulikuwa pia na kitu kidogo kisicho na watazamaji, kitu kilichomkumbuka Tatiana akiwa na miaka minne, amelala juu ya kifua chake siku ya mvua, enzi ambazo mchezo haujazaliwa. Alitaka kumshika mkono mtoto huyo. Hakujua amwambieje. Kumwambia mtu wa nyumbani neno la moyoni hakukuwahi kuwa kazi yake, maana nyumbani hakuna skema.

Wiki ile ile Mama Adèle alitangaza kwamba kundi limealikwa tena Lubudi, kwenye sikukuu ya parokia ya huko. Tarehe ilikuwa Jumamosi ya arusi. Wachezaji wote walimgeukia Kabemba, kwa kuwa walijua. Kabemba alikohoa. Alijiambia kwamba kama Kanyinda ndiye anayeshika mkono, basi baba hana kazi kule, na Lubudi wanamhitaji. Akajiambia pia kwamba haiwezekani asiende arusini kwa binti yake. Kati ya mambo hayo mawili alichagua kusema, "Tutaona," na Mama Adèle akaandika jina lake kwenye orodha ya lori.

Kisha Princesse akaugua malaria.

Aliugua siku nne kabla ya mchezo wa Jumapili ya sikukuu ya parokia yetu, ile Jumapili inayotangulia Jumamosi ya arusi. Ukumbi ulikuwa umeshatangazwa mpaka kwenye redio. Mama Adèle alikaa kwenye kiti chake akishika kichwa. Binti wa kuigiza wa kumtoa wapi, kwa siku nne, anayeujua mchezo?

Hapo ndipo Kabemba alipopata wazo, na kwa kuwa wazo hilo lilitoka kichwani mwake mwenyewe hana wa kumlaumu. "Tatiana," alisema. "Tatiana anajua mchezo yote. Anaisikiaka ku nyumba miaka kumi na tatu."

Aliona mbali kuliko Mama Adèle. Aliona Tatiana jukwaani, na yeye mwenyewe amepiga magoti mbele yake, machozi yakitiririka kama ilivyo desturi yake. Aliona binti akimwinua mbele ya parokia nzima. Baada ya kumwinua baba yake Jumapili mbele ya watu mia nne, atawezaje Jumamosi kuingia na mfuga mbuzi? Ilikuwa hesabu safi. Alipoipeleka nyumbani alijiandaa kubembeleza, hata maneno ya kubembeleza alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani.

"Sawa," alisema Tatiana.

"Sawa?"

"Nitacheza. Mama Adèle alisema maneno kila mutu anatoa ya kwake, ao hapana?"

"Ya kwako kabisa!" alisema Kabemba kwa furaha.

Mtu yeyote anayewajua watoto wake angeshikwa na wasiwasi hapo. Kabemba alikwenda kulala akiimba.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanawake walikuwa na vitambaa vyao, wanaume walikuwa wamesimama ukutani wakijifanya wamepita tu. Valérie alikaa mstari wa pili, mahali pake pa siku zote. Pazia la vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja lilifunguliwa kwa kukwama kidogo, na Tata wa Inje akatoka.

Lazima niseme ukweli: jamaa ana kipaji. Alitembea tu kutoka kushoto kwenda kulia, kofia imeinama, akisalimia watoto wa jirani mmoja mmoja kwa majina, na watu walikuwa wameshashika mbavu. Alipopita mbele ya watoto wake mwenyewe na kuwauliza, "Nyiye muko batoto ba nani?" mama mmoja alipiga yowe la kicheko hadi akapewa maji. Mambo yalikuwa yanakwenda yalivyozoea kwenda.

Ikaja sehemu ya komunyo. Tatiana alikaa kwenye kigoda, utepe mweupe kichwani, mikono magotini. Hapa Princesse husema: "Tata, nilikuangalia ku mulango mukubwa mpaka shingo ikauma." Watu walitoa vitambaa wakasubiri.

"Haikukuwa mulango mukubwa," alisema Tatiana.

Watu walicheka kidogo, kwa huruma. Walidhani mgeni amekosea.

"Ilikuwa mulango mudogo, ile ya pembeni ya sakristia. Weye njo uliniambia. Ulisema, mi nitaingilia pale, juu nisisumbue bantu. Basi mi niliangalia pale. Padri aliniambia nitazame mbele mara tatu. Mara tatu, Tata."

Kabemba alisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza tangu alipolisema mwenyewe. Alikuwa amesahau mlango mdogo. Alitazama skema yake kichwani, akaona kwamba hapa baba anajitetea, akajitetea kwa sauti yake kubwa ya jukwaani: "Mutoto, tata alikuwa na kazi!"

Ukumbi ulimzomea kama inavyopaswa, kwa upendo.

"Kazi gani?" aliuliza Tatiana.

Swali hilo halikuwa kwenye skema. Princesse hajawahi kuuliza. "Kazi... ya tata," alisema Kabemba, na watu wakacheka sana.

"Ulikuwa Lubudi. Ulikuwa unapigia magoti mutoto ya mutu mwingine."

Kicheko kikapanda hadi mabati yakaitika. Wanaume wa ukutani walipigana mabega. Walisema huyu binti wa leo ni hatari, amekuja na vitu vipya! Nyuma ya pazia Mama Adèle alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu mmoja tu hakucheka, Valérie, aliyekuwa amekunja mikono na kumtazama mumewe.

"Na yaya Josias, kaka yangu, alienda kuchimba," aliendelea Tatiana kwa ile sauti yake ya darasani, taratibu, ili kila mtoto asikie. "Ulijua wakati gani?"

Kabemba alivua kofia, akaivaa tena.

"Wakati ulikosa mutu wa kupiga pasi suruali."

Katika miaka kumi na tatu ukumbi ule haukuwahi kucheka vile. Watu waliinama, walishikana, mmoja alianguka toka dirishani. Kabemba alisimama katikati ya kicheko hicho, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvitafuta, na akatamani kinyamaze. Aliitazama suruali yake. Ilikuwa imepigwa pasi na Valérie.

Kilichobaki ni magoti. Magoti yenyewe yalijua njia, yakashuka mahali pake pa siku zote, pale ambapo ubao umechakaa. Kabemba alipumua. Alikuwa na ile sentensi. Ile sentensi haijawahi kumwangusha, na wanawake wa mstari wa mbele walishaanza kuisema pamoja naye kwa midomo: "Mutoto wangu, mi nilikuwa jua ku bantu bote, na ku nyumba nilileta giza..."

"Ile ni ya Princesse," alisema Tatiana.

Alisema polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Ile maneno umemupa Princesse miaka kumi na tatu. Ya mi iko wapi?"

Kabemba alimtazama juu, kwa kuwa alikuwa chini. Binti alikuwa na macho ya Valérie na kidevu chake yeye, kidevu ambacho hakuwahi kukitazama kwa muda mrefu hivi. Alitafuta. Alipekua miaka yote ya maneno matamu na hakupata hata moja ambalo halijatumika. Machozi, ambayo huja yakiitwa, hayakuja. "Sema, Tata!" aliita mtu toka nyuma. "Jua! Jua ku bantu!" alinong'ona Mama Adèle nyuma ya pazia, akidhani amesahau, na mnong'ono wake ulisikika hadi barabarani.

"Nilikuwa Lubudi," alisema Kabemba.

"Hatusikie!" walilalamika wa mstari wa tatu.

Hakuongeza sauti. "Nilisema nitafika. Sikufika." Alitafuta tena. "Sina ingine."

Kwa skema, hapa binti analia, anamshika baba mabega, anamwinua. Tatiana hakulia na hakumwinua. Kabemba alingoja, kisha akainuka mwenyewe, polepole, akiegemea kigoda, kwa maana magoti ya mtu wa miaka hamsini na sita si ya kuchezea. Kigoda kiliteleza kidogo kwenye mbao. Tatiana alikishika kwa mikono miwili, akakikandamiza chini mpaka baba yake aliposimama wima.

Pazia likafungwa, likakwama, likavutwa. Makofi yalikuwa ya adabu. Watu walitoka wakisema mwanzo ulikuwa mzuri ajabu, yule binti ni moto, lakini mwisho Tata aliuharibu. Wengine walisema labda na yeye ana malaria. Padri, kwa mara ya kwanza, alikosa maneno mawili.

Mama Adèle alikuja nyuma akiwa amefura kwa hasira. "Ku Lubudi utarudisha jua!" alimwambia, na akaenda kukunja pazia.

Tatiana alikuwa anafungua utepe kichwani. Kabemba alisimama karibu naye, kofia mkononi, asijue aanzie wapi. Mwishoni aliuliza kile alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. "Siku ya posho, ile ya arusi... mukono..."

"Muyomba Kanyinda njo atanishika mukono," alisema Tatiana. "Ile nilishasema." Alikunja utepe vizuri, akauweka mezani. Halafu, akiwa amempa mgongo: "Lakini ile mulango mudogo habafungake na funguo."

Jumatatu Kabemba alikwenda kwa Mama Adèle kabla ya kazi kumwambia kwamba Lubudi haendi.

"Juu ya nini?"

"Mutoto wangu anaolewa."

Mama Adèle alikuwa anachambua mboga. Alisimama na jani mkononi. "Mutoto wa mu teatre ao wa ku nyumba?"

"Wa ku nyumba."

"Tangu lini?" alisema Mama Adèle. Hakuwa anatania. Jina la Kabemba lilifutwa kwenye orodha, na Tata wa Inje akapewa Kalonji, fundi wa baiskeli, baba wa watoto saba wanaomfuata kila aendapo, mtu ambaye hata kwenye mazoezi alishindwa kuwapita watoto wa mchezo bila kuwashika vichwa.

Jumamosi Kabemba alipiga pasi suruali yake mwenyewe. Mistari ya pasi ilikuwa miwili kila mguu. Saa moja asubuhi alikuwa kanisani, na arusi ilikuwa ya saa tatu. Mama mmoja alikuwa anafagia kati ya mabenchi.

"Tata wa Inje!" alisema kwa furaha. "Munacheza leo?"

"Hapana, mama. Leo naangalia."

Alikaa kwenye benchi la pembeni, mwisho kabisa, pale mlango mdogo unapogusa bega. Saa mbili na nusu lori la Fuso lilisimama nje likapiga honi. Aliwasikia wenzake wakiimba wimbo wa mchezo, ule unaomwingiza yeye jukwaani, na mguu wake wa kulia ulianza kupiga mdundo bila ruhusa. Mama Adèle alichungulia kwenye mlango mdogo.

"Kalonji anatetemeka," alinong'ona. "Anasema hawezi kuacha mutoto analia, hata ya mchezo. Ku arusi bo banachelewaka, utaona. Utaenda, utacheza, utarudi. Bantu ba Lubudi banakungojea, Tata!"

Utaenda, utacheza, utarudi. Maneno hayo aliyajua, aliwahi kuyasema mwenyewe, kwa mtoto wa miaka kumi. Kabemba alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili. "Mama, mufunge mulango kidogo," alisema. "Lakini musiifunge na funguo." Lori likaondoka. Wimbo ulisikika hadi kwenye kona, kisha ukafa, na nisiposema kwamba macho yake yalilifuata lori hilo nitakuwa nimemsingizia utakatifu.

Na Mama Adèle hakukosea. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Gari la bibi arusi lilikuwa limekwama nyuma ya msururu wa malori ya shaba. Benchi lilikuwa gumu, na Kabemba, ambaye kazi yake yote ilikuwa kungojewa, alianza kujua ladha ya kungoja. Kila mlango mkubwa ulipolia aligeuka. Shingo ilianza kumuuma.

Josias alifika toka machimboni akiwa na shati jipya na vumbi jekundu kwenye kucha. Alimwona baba yake, akasimama.

"Teatre iko wapi leo?"

"Hakuna teatre."

Josias alimtazama, akatazama suruali yenye mistari miwili, akang'ata mdomo kuzuia kitu. Akakaa kwenye benchi lile lile, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Saa tano kamili kwaya ikasimama. Tatiana aliingia kwa mlango mkubwa, mkono wake ndani ya mkono wa Kanyinda, ambaye alitembea kwa uzito akitazama sakafu kana kwamba anahesabu mbuzi. Watu wote walisimama. Kabemba naye alisimama, nyuma ya mabega ya watu, hana la kufanya, hana la kusema, hakuna aliyemtazama. Mathieu alikuwa anangoja altareni. Tatiana hakumtazama Mathieu. Katikati ya kanisa alipunguza hatua, akageuza kichwa pembeni, akatafuta mlango mdogo.

"Uko?" midomo yake iliuliza.

Kabemba alitaka kujibu kwa midomo tu. Lakini koo lake lilizoea kufikia watu wa dirishani, na jibu likatoka lilivyozoea.

"Niko!"

Kwaya ilikosa noti. Kanisa zima likageuka, likamwona Tata wa Inje, likaangua kicheko, na Kanyinda akaliinua sikio lake zima kuuliza nini kimetokea. Kabemba hakuwasikia. Alikuwa anaonekana na mtu mmoja, naye alikuwa anacheka pia, machozi yakimharibia poda.

"Mutazame mbele, mama," alisema padri kwa upole.

Tatiana akatazama mbele.